Viza imeisha, majibu bado: kisa cha kea aliyetolewa kwenye rota huku haki yake ya kufanya kazi ikiwa hai

Hiki ni kisa cha Uingereza, kilitokea mwishoni mwa mwaka 2024, na nakiandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaofanya kazi kule kwenye nyumba za wazee, mahospitalini, maghalani na majikoni, manake swali ni lilelile kila siku: viza yangu inaisha wiki ijayo, nimeshaomba nyingine, majibu hayajaja, sasa niende kazini au nikae nyumbani? Mhusika ni kea, yaani mhudumu wa wazee, nimemwita Dada Z. Mji sitautaja, mwajiri sitamtaja, tarehe nimezisogeza kidogo lakini nafasi kati ya tarehe na tarehe nimeiacha ilivyokuwa kwa sababu kisa chote kiko hapo kwenye nafasi hizo. Mwenyewe kasoma kabla sijaiweka na karidhia.

Mimi niliingia kama mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, sio mshauri wa uhamiaji. Kule Uingereza kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai, kwa hiyo mambo ya maombi yenyewe tulimwachia mshauri aliyesajiliwa wa shirika moja la hisani, mimi nikasimama upande wa ajira. Nasema mapema ili mtu asije akachukua maandishi haya akayafanya wakili wake.

Hali ilivyokuwa

Dada Z ni mtu wa pwani, umri miaka thelathini na kitu, aliingia Uingereza mwanzoni mwa 2022 kwa viza ya mke. Viza hiyo ukiombea ukiwa nje ya nchi unapewa miezi 33, halafu ukiwa ndani unaiongeza kwa miezi 30, ndipo baadaye uombe ukaazi wa kudumu. Viza ya mke inaruhusu kazi yoyote, saa zozote, mwajiri yeyote, haina masharti ya spona (mwajiri anayekudhamini) kama zile za wafanyakazi wenye ujuzi. Alikuwa kea kwenye nyumba moja ya wazee, saa 36 kwa wiki, mshahara juu kidogo ya kima cha chini cha mwaka ule ambacho kilikuwa pauni 11.44 kwa saa, na wikendi moja moja alikuwa anachukua shifti kupitia ejensi.

Viza yake iliisha Jumanne tarehe 15 Oktoba. Maombi ya kuongeza aliyatuma mtandaoni Jumatano tarehe 9, yaani siku sita kabla. Watu wengi walimsema kwanini kachelewa hivyo, na mimi naona wanamwonea. Kwa bei za wakati ule ada ya maombi ilikuwa zaidi ya pauni 1,000, halafu juu yake ile ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, kwa miaka miwili na nusu inakuja 2,587.50, jumla zaidi ya pauni 3,600 na inalipwa yote kwa mpigo siku unayotuma. Kea wa mshahara ule mwenye watoto wawili haamki asubuhi na hela hiyo mkononi. Alikuwa anasubiri zamu yake ya mchezo, wanawake kumi wanachangiana kila mwezi, na zamu yake ilidondokea Oktoba. Siku alipopokea ndiyo siku aliyolipa.

Alipobonyeza kulipa ilikuja imeli yenye namba ya maombi, ile ndefu inayoanza na 1212, pamoja na PDF ya fomu nzima. Alipiga skrinshoti, akamtumia mumewe, akaihifadhi na kwenye simu ya binti yake. Kitendo kidogo, ila shikeni hapo, tutakirudia.

Mambo yalivyofuatana

Meneja wa ile nyumba hakuwa mtu mbaya. Kwenye mfumo wao wa HR (idara ya wafanyakazi) kuna taa nyekundu inawaka tarehe ya viza ya mfanyakazi ikifika, na taa iliwaka asubuhi ya tarehe 16. Akamwita Dada Z ofisini, akamwuliza kadi mpya ya ukaazi iko wapi. Dada Z akamwambia nimeomba, nasubiri, na imeli hii hapa. Meneja akasema hiyo imeli ni yako na Home Office (wizara ya mambo ya ndani inayoshughulikia viza), mimi nahitaji kitu cha kwangu, na kweli kwa upande huo alikuwa na hoja. Akamtoa kwenye rota (ratiba ya zamu) "kwa siku chache" wakati anafanya ukaguzi.

Ukaguzi wenyewe unafanyika kupitia Employer Checking Service, kwa kifupi ECS. Ni huduma ya Home Office kwa waajiri tu, mfanyakazi hawezi kujiombea. Mwajiri anajaza fomu mtandaoni, na ndani ya siku tano za kazi anapata jibu la aina mbili: ndiyo, huyu ana haki ya kufanya kazi, hilo linaitwa PVN, au hapana, hatuwezi kuthibitisha. Meneja alijaza siku ileile tarehe 16. Jumatatu tarehe 21 jibu likaja, hapana.

Hapo ndipo mambo yakageuka. HR makao makuu wakatuma barua: umesimamishwa kazi bila malipo kuanzia tarehe 16, utaitwa kwenye kikao ambacho kinaweza kuishia kwenye kuachishwa kazi. Ejensi nayo ilipoona tarehe ya viza imepita ikamfungia akaunti bila hata simu. Dada Z alinipigia usiku ule, akasema kaka, wananiambia mimi sina haki, sasa ina maana nimekuwa haramu tangu Jumatano na sijui? Alikuwa analia na alikuwa ameshafungasha sare yake airudishe.

Hofu yake ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Viza ya mke inategemea kipato. Wale walioingia kwenye njia hiyo kabla ya tarehe 11 Aprili 2024 wanapimwa kwa kiwango cha zamani, pauni 18,600 kwa mwaka, wakati waombaji wapya walipandishiwa hadi 29,000. Kipato walichoonyesha yeye na mumewe kilihesabu na mshahara wake. Sasa akikatwa mshahara si maombi nayo yatakufa? Yaani anasimamishwa kazi kwa sababu viza haijaja, na viza haiji kwa sababu kasimamishwa kazi. Mshauri wa shirika alimtuliza hapo: ushahidi wa kipato unaangaliwa hadi siku ya kutuma maombi, na hati zake za mshahara za miezi sita kabla ya tarehe 9 Oktoba zilikuwa kamili na zimeshapakiwa. Lakini usiku mzima mtu hakulala kwa hilo.

Tarehe 17 alikuwa ameshaenda kuchukuliwa alama za vidole na picha. Hilo lilikuwa sawa. Tarehe 25 ombi la pili la ECS likatumwa, nitaeleza chini lilivyobadilishwa. Tarehe 28 ukaja msiba, mama mdogo aliyemlea alifariki huko nyumbani. Tarehe 31, Alhamisi, PVN ikafika kwa meneja. Jumatatu tarehe 4 Novemba Dada Z akarudi kazini.

Maamuzi tuliyofanya na kwanini

La kwanza lilikuwa kutorudisha sare. Naongea kama mzaha hivi lakini watu wengi wakiambiwa huna haki ya kazi wanajiondoa wenyewe, wanaandika hata barua ya kuacha kazi kwa aibu, na ukishaacha mwenyewe umefunga mlango mwingi sana. Nilimwomba asiandike chochote, asisaini chochote, asiongee kwa simu na HR bila kufuatisha imeli inayosema tulichoongea.

La pili, tulikaa na karatasi tukaandika tarehe kwa mstari. Tisa maombi. Kumi na tano viza inaisha. Kumi na sita ombi la ECS. Ishirini na moja jibu la hapana. Ukiangalia mstari ule tatizo linajionyesha lenyewe: kati ya kutuma maombi na ule ukaguzi wa kwanza zilipita siku saba tu. Mwongozo wa Home Office kwa waajiri unasema wazi kabisa, subirini siku 14 tangu mfanyakazi atume maombi ndipo mwombe ukaguzi, kwa sababu ndio muda ambao maombi mengi huchukua mpaka yasajiliwe kwenye mfumo wao. Kwa hiyo ile hapana haikuwa inasema huyu mtu hana haki, ilikuwa inasema hatumwoni. Meneja alisoma hukumu mahali ambapo palikuwa na foleni ya usajili.

La tatu, ombi la pili lilitumwa tarehe 25 baada ya siku 14 kupita, na kabla ya kutuma niliomba tukae na meneja tuipitie fomu pamoja. Na hapa kuna kitu nilikiona kwa macho yangu kwenye skrini. Kwenye mfumo wa mishahara Dada Z ameandikwa kwa jina la mume. Kwenye paspoti ana majina yake matatu ya nyumbani, lake, la baba na la babu, na babu ndiye anayesimama pale kwenye sehemu ya jina la ukoo. Fomu ilikuwa imejaa jina la mume tayari, mfumo uliivuta wenyewe. Meneja alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kutuma. Tukafuta, tukaweka jina kama lilivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi, tukaweka ile namba ya 1212 iliyokuwa kwenye skrinshoti, na tarehe ya kutuma maombi. Ndugu zangu wa Kiswahili majina yetu hayakutengenezwa kwa fomu za Wazungu, na wanawake walioolewa wanatumia majina mawili tofauti bila kufikiria kama kuna shida. Kwenye ukaguzi kama huu shida ipo.

La nne lilikuwa gumu zaidi na halikuwa la kwangu kuamua. Msiba. Tiketi ndugu walikuwa tayari kuchanga. Mshauri akamweleza ukweli: ukitoka Uingereza wakati maombi ya ndani hayajajibiwa, maombi yanahesabika umeyaondoa, na ile ruhusa iliyokuwa inakubeba inakufa siku unayopanda ndege. Ungeanza upya nje, na hela ya mchezo imekwenda. Dada Z alibaki. Mazishi aliyaangalia kwa video ya WhatsApp, amekaa jikoni, mtandao unakatika katika. Sitaki kulipamba hili wala kulifanya somo, nasema tu kwamba wanaotunga hizi sheria huwa hawaweki gharama ya aina hii kwenye mahesabu yao, na aliyeilipa ni yeye.

La tano lilikuwa kuhusu hela. Tulisoma mkataba wake wa kazi mstari kwa mstari. Kipengele cha kusimamishwa kilikuwepo, kinasema mwajiri anaweza kumsimamisha mfanyakazi wakati wa uchunguzi, na kinasema kwa malipo. Hakuna popote palipoandikwa bila malipo. Sheria ya ajira ya 1996 inamkataza mwajiri kukata mshahara bila idhini ya mkataba au ya sheria, na muda wa kulalamika kwenye baraza la ajira wakati ule ulikuwa miezi mitatu kasoro siku moja, ukianzia kwanza kwa ACAS, shirika la usuluhishi wa migogoro ya kazi. Tuliamua tusianze na vita. Tukaandika malalamiko rasmi ya ndani, kwa lugha ya upole, tarehe zote zimo, na tukaiweka ile siku ya mwisho ya ACAS kwenye kalenda kimyakimya.

Matokeo

Kazi alirudi. Mshahara wa zile wiki karibu tatu, zaidi ya pauni 1,000, ulilipwa wote kwenye mshahara wa Desemba baada ya kikao cha malalamiko, na HR waliandika kwamba kumsimamisha bila malipo haikuwa sahihi. Kesi haikwenda barazani. Viza ilijibiwa ndiyo kabla ya Krismasi, miezi 30, na mwaka ule ndio kadi za plastiki zilikuwa zinafutwa, zimekoma tarehe 31 Desemba 2024, kwa hiyo alipata eVisa, yaani viza ya mtandaoni, na mwajiri akamkagua upya kwa shea-kodi, ile namba ambayo mfanyakazi anampa mwajiri ili aangalie mtandaoni.

Shifti za ejensi hazikurudi, nitalirudia hilo mwisho.

Uchambuzi: sheria ilikuwa upande gani

Kifungu kinachohusika ni cha 3C kwenye Immigration Act ya mwaka 1971. Kinachosema kwa lugha yetu ya kila siku ni kwamba ukiwa na ruhusa halali ya kukaa, ukaomba kuiongeza au kuibadilisha kabla haijaisha, na maombi yenyewe yakawa halali, basi ruhusa yako inaendelea yenyewe mpaka uamuzi utoke, na kama umekataliwa inaendelea pia kwa ule muda unaoruhusiwa kukata rufaa ukiwa ndani ya nchi na wakati rufaa inasubiri. Na inaendelea na masharti yaleyale. Hii ndiyo sehemu watu wanaisahau. Dada Z viza yake iliruhusu kazi yoyote, kwa hiyo tarehe 16 asubuhi alikuwa na haki ileile aliyokuwa nayo tarehe 14. Haikuhitaji barua, haikuhitaji kadi, wala haikuhitaji meneja akubali. Alikuwa nayo tayari akiwa analia kwenye simu.

Masharti yaleyale maana yake ni pande zote mbili. Mwanafunzi aliyekuwa na saa 20 kwa wiki wakati wa masomo anabaki nazo hizohizo wakati anasubiri, hata kama viza anayoiombea haina kikomo. Mwenye viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi anaendelea na mwajiri aliyemspona, lakini kama anahamia kwa mwajiri mpya hawezi kuanza kazi kuu kule mpaka ile viza mpya ikubaliwe, na hapo nimeona makea wengi wametumbukia: nyumba mpya inawaambia njoo anza Jumatatu maombi yako si yameshatumwa, wanaanza, na wanakuwa wamevunja masharti bila kujua. Kutuma maombi kunakulinda ulichokuwa nacho jana, hakukupi unachokiomba.

Na siku moja inaweza kubadilisha kila kitu. Kama Dada Z angetuma tarehe 16 badala ya tarehe 15 au kabla, hadithi ingekuwa nyingine kabisa. Kuna kanuni inayoruhusu Home Office kusamehe maombi yaliyochelewa ndani ya siku 14 kama kuna sababu nzuri, na watu wanaichukulia kama ni muda wa nyongeza. Sio. Msamaha ule unahusu maombi kupokelewa na kufikiriwa, hauirudishi ruhusa iliyokufa, kwa hiyo katika siku zile zote za kusubiri huna 3C na huna haki ya kufanya kazi hata saa moja. Nimeona mtu kasubiri zamu ya mchezo siku mbili zaidi akapoteza kazi ya miaka mitatu. Ndiyo maana siwezi kumlaumu Dada Z kwa zile siku sita: zilitosha.

Wanaosubiri hifadhi ya ukimbizi, na tunao wengi wanaoongea Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, kisa hiki hakiwahusu, naomba msichanganye. Mwombaji hifadhi hana haki ya kufanya kazi kwa sababu tu ameomba. Kwa kanuni za wakati wa kisa hiki alikuwa anaweza kuomba ruhusa baada ya miezi 12 bila jibu, kama ucheleweshaji si wake, na hata akipewa ni kwa kazi zilizo kwenye orodha maalumu tu.

Kilichoharibika

Kwa mwajiri kiliharibika kitu kimoja kikubwa, na sio roho mbaya, ni hofu. Tangu tarehe 13 Februari 2024 faini ya kumwajiri mtu asiye na haki ilipandishwa kutoka kiwango cha juu cha pauni 15,000 hadi 45,000 kwa kosa la kwanza, kwa kila mfanyakazi, na 60,000 kwa anayerudia. Nyumba ndogo ya wazee faini hiyo inaifunga. Kwa hiyo meneja akiona taa nyekundu anamtoa mtu kwanza, maswali baadaye.

Ila kinachouma ni kwamba kinga ilikuwepo na hakuna aliyeisoma. Mwongozo uleule wa Home Office unampa mwajiri siku 28 baada ya viza kuisha. Kama siku ile ya kuisha ameridhika kwa sababu za msingi kwamba mfanyakazi ameshatuma maombi, kinga yake dhidi ya faini inaendelea hadi siku 28 ili apate nafasi ya kufanya ukaguzi. Sasa hesabuni. Viza iliisha tarehe 15 Oktoba, siku 28 zinafika tarehe 12 Novemba. PVN ilipatikana tarehe 31 Oktoba. Yaani kama lile ombi la mapema lisingetumwa, mchakato mzima ungeingia ndani ya muda ambao mwajiri alikuwa ameshalindwa, kwa sababu jibu la hapana ndilo linaloikata kinga hiyo. Dada Z hakuhitaji kukosa hata shifti moja. Nilipoweka zile tarehe mezani kwenye kikao, pamoja na ukurasa wa mwongozo na ile imeli ya tarehe 9, yule dada wa HR alikaa kimya akazihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya simu yake mara mbili, halafu akasema tutalirekebisha.

PVN nayo ina mipaka, inamlinda mwajiri kwa miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa. Maombi yakikawia zaidi ya hapo anatakiwa kukagua tena, na kuna njia za viza ambazo watu wanasubiri karibu mwaka, kwa hiyo usidhani ukishapita mara moja umemaliza.

Upande wa Home Office siwezi kunyamaza. Wao ndio wanaotaka kila mwajiri awe mlinzi wa mpaka, na wao ndio hawakuwapa watu wa 3C kitu cha kuonyesha. Juni 2024, miezi minne tu kabla ya kisa hiki, Mahakama Kuu London ilitoa hukumu kwenye kesi iliyofunguliwa na shirika la hisani la RAMFEL pamoja na mama mmoja mfanyakazi wa afya aliyekuwa amesimamishwa kazi mara mbili kwa sababu hakuweza kuthibitisha hali yake wakati anasubiri. Mahakama ikasema kushindwa kwa Home Office kuwapa watu wenye 3C uthibitisho wa kidijitali ni kinyume cha sheria. Oktoba ile Dada Z alikuwa bado hana kitu mkononi zaidi ya skrinshoti. Hukumu ilikuwa imeshatoka, yeye akawa anarudishwa nyumbani na mfuko wa sare.

Kilichofanya kazi

Skrinshoti ile. Bila ile imeli yenye tarehe na namba tusingekuwa na kitu cha kumridhisha mwajiri, na bila namba ombi la pili lingekuwa la kubahatisha. Ukituma maombi hifadhi uthibitisho wa kutuma, risiti ya malipo na fomu yenyewe mahali zaidi ya pamoja, na ningesema mpelekee HR nakala kwa imeli siku hiyohiyo ya kutuma, kabla ya viza kuisha, ukiwaambia kwa maandishi kwamba umeomba tarehe fulani, kwamba ruhusa yako inaendelea kwa kifungu cha 3C, na kwamba unawaomba wakague kwa ECS siku 14 zikipita. Dada Z hakuituma mapema, aliionyesha kwenye simu alipoitwa. Barua ikishafika kabla ya taa nyekundu kuwaka, meneja anaanza akiwa upande wako.

Kwenda kuchukuliwa alama za vidole bila kuchelewa nako kulisaidia kuliko watu wanavyofikiri. Maombi yakikataliwa kwamba si halali kwa sababu hukwenda, hakuna 3C ya kusimamia na mwajiri akija kukagua hatapata kitu.

Na kukataa kuachishwa kazi kimyakimya. Ipo kesi ya mwaka 2018 ya rufaa za ajira, mfanyakazi wa kampuni ya piza alituma maombi ndani ya muda, akatuma uthibitisho siku ya mwisho, mwajiri hakuweza kufungua viambatanisho, akamfukuza bila kumpa nafasi ya kukata rufaa ndani ya kampuni. Baraza la rufaa likasema nafasi ile ilikuwa na maana, kwa sababu kwenye rufaa angeweza kuonyesha kwamba alituma kwa wakati. Niliitaja kesi hiyo kwenye barua yetu, sentensi mbili tu, na neno kuachishwa halikutajwa tena kwenye kile kikao. Kikao chenyewe mfanyakazi ana haki ya kuingia na mwakilishi wa chama au mwenzake wa kazini, msiende peke yenu.

Nililokuwa na wasiwasi nalo ni lugha. Dada Z Kiingereza chake ni kizuri lakini mtu akishaambiwa huna haki ofisini anajibu kwa kukiri, sawa meneja, samahani meneja, na kila samahani inaandikwa kwenye muhtasari wa kikao kana kwamba ni kosa lake. Tulikubaliana aongee kwa tarehe tu. Nilituma tarehe tisa, viza iliisha tarehe kumi na tano. Akiulizwa swali lingine lolote anarudia hizo mbili.

Ejensi

Hili ndilo lililobaki. Ejensi haikuomba ukaguzi wa ECS hata mara moja. Alipowaandikia walijibu kwamba hawana wajibu wa kumpa shifti, na kwa mkataba wa saa sifuri, yaani usioahidi saa zozote, hilo la shifti wana pa kujishikia, lakini kumfungia mtu akaunti kwa tarehe ya viza bila kumwuliza kama ameomba ni jambo jingine. Mwongozo wa serikali wa kuzuia ubaguzi kwenye ukaguzi wa haki ya kazi unawataka waajiri wasimhukumu mtu kwa kudhania, na kama wanaofungiwa ni wa asili fulani tu hilo ni suala la Equality Act ya 2010. Tulikuwa na nguvu ya kulifuatilia, Dada Z hakuwa nayo. Alikuwa ametoka kwenye msiba, mshahara wake mkuu umerudi, watoto wana shule, akasema kaka niachie hilo. Nililiacha. Mwezi uliofuata mwenzake kutoka kikundi chao cha mchezo, ambaye viza yake ilikuwa inaisha Januari, alifungiwa na ejensi hiyohiyo kwa namna hiyohiyo, na huyo amesema analifuata.